Suruali ya Afande Pazi na Mafuta ya Mkaratusi

Siku ile pale mtamboni Usagara tulikuwepo hawa: Mzee Masalu, mkuu wa mtambo, Mama Kulwa, mkata majani, mimi Minza, niliyekuwa na siku moja tu kazini, tena haijaisha, Sajini Pazi wa polisi, konstebo wake Elias, kijana mwembamba ambaye hakutoa sauti hadi karibu na mwisho, na mbuzi wa Mama Kulwa, aliyefungwa kwenye shina la mkaratusi, ambaye peke yake hakuulizwa jina. Bwana Jayanti, mwenye mali, alikuwa dukani kwake mjini Mwanza, na kila tulipomsimulia alimshukuru Mungu kwa hilo.

Nawataja mmoja mmoja kwa sababu habari hii imesimuliwa sana, na kila msimulizi hujiingiza ndani yake. Nimewasikia watu wakiapa kwamba waliiona ile suruali, na ninajua kabisa kwamba siku hiyo walikuwa Sengerema, ng'ambo ya maji. Sasa nimestaafu. Mgongo umekataa kuinama kwenye tanuri, na macho hayaoni tena mstari kati ya mafuta na maji. Ninyi mnaobaki na mtambo mmeniomba niwaachie maneno. Haya ndiyo maneno.

Mama yetu alitangulia, baba akamfuata kabla hatujamaliza kupokea rambirambi za mama. Mimi ndiye wa kwanza kuzaliwa. Nilikuwa darasa la sita. Nikarudisha vitabu shuleni, nikarudi nyumbani kwa wadogo zangu watatu, na tangu siku hiyo jina langu likawa Dada. Hata watu walionizidi umri waliniita Dada, na baadaye hata Mzee Masalu. Nilianika dagaa, nilichota maji ya mama lishe, nilipalilia mashamba ya watu. Mdogo wangu Shija alipofaulu kwenda sekondari nilifurahi asubuhi, na mchana nikaanza kuwaza atakwenda na nini.

Ndipo nikasikia pale njia panda ya Usagara kwamba kuna mzee anayechemsha majani ya mkaratusi, anatafuta mtu wa kukaa na moto. Nilikwenda asubuhi yake. Nikamkuta amechuchumaa, anakanda unga wa muhogo kama anayeandaa chakula. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, akaniuliza kama naogopa moshi.

Nikamwambia nimewapikia wadogo zangu kwa kinyesi cha ng'ombe msimu mzima wa mvua.

"Basi washa," akasema.

Huo ndio ulikuwa usaili wangu. Nimeona vijana siku hizi wanakuja na bahasha na picha ndogo, wanakaa kwenye benchi wamejipaka mafuta, wanaulizwa wanajiona wapi miaka ijayo. Mimi nilijiona mbele ya tanuri, na nilikuwa sahihi.

Unga ule haukuwa chakula. Ulikuwa wa kuziba ukingo wa kifuniko cha pipa ili mvuke usitoroke. Mnaujua mtambo, lakini nitaueleza kama ulivyokuwa, kwa sababu mashaka yote ya siku ile yalitokana na sura yake. Chini kuna moto. Juu yake pipa lenye maji kidogo, na juu ya maji wavu uliojazwa majani. Kutoka kwenye kifuniko unatoka mrija wa shaba, unapita ndani ya hori la maji baridi, unashuka ukidondosha tone kwa tone ndani ya chupa. Mafuta yanaelea juu, maji yanakaa chini. Mtu yeyote aliyekulia Kanda ya Ziwa akiuona mtambo huo toka mbali, hawazi dawa ya kifua. Anawaza gongo.

Na aliyepita barabarani siku ile aliwaza hivyohivyo, akaenda kusema.

Chupa ilikuwa imeanza kupata mafuta Land Rover ilipokata kona kwenye miti. Mama Kulwa aliweka panga chini taratibu, kama mtu anayeweka yai. Sajini Pazi alishuka, mtu wa mwili, suruali imenyooshwa pasi hadi mstari wake unaweza kukata mkate. Alilizunguka pipa, akagusa mrija, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu ambaye amepata hasa alichokitafuta.

Kisha akauliza, "Nani amewasha moto huu?"

Ninyi hamkuzoea mambo ya gongo, pombe ya magendo, kwa hiyo niwaeleze. Kwenye gongo, mwenye moto ndiye anayepanda gari kwanza. Mwenye mali hutafutwa baadaye, na aghalabu huwa amesafiri. Moto ulikuwa wangu. Majivu yalikuwa kwenye vidole vyangu, na kiberiti kilikuwa kimefungwa kwenye upindo wa khanga yangu. Nilimwaza Shija na sanduku lake la bati ambalo halijapata kitu cha kuwekwa ndani. Niliwaza wale wawili wadogo watakaporudi kutoka shule na kukuta mlango umefungwa. Nilifungua mdomo.

"Mimi," akasema Mzee Masalu. "Moto ni wangu."

Hakunitazama. Alisema kama anayetaja jina lake. Tulikuwa tumefahamiana tangu asubuhi ileile.

Sajini akaanza uchunguzi. Alichovya kijiti kwenye chupa akakiwasha. Kikashika moto haraka, kwa sababu mafuta haya yanawaka, na ndiyo maana hadi leo nawafokea mkileta chupa karibu na tanuri. Akamwambia konstebo, unaona. Akanusa, macho yakamtoka machozi, akasema hawa ni wazoefu, wamechanganya na dawa ya mafua kuficha harufu. Mzee Masalu akamweleza kwamba hiyo ndiyo harufu yenyewe, kwamba haya ni mafuta ya mkaratusi ya kupaka na kujifukiza, na kwamba kibali kipo mjini dukani kwa Bwana Jayanti, kimetundikwa ukutani katikati ya kalenda na picha ya mungu wao wa kike. Tangu siku ile nakala hukaa mtamboni. Siku ile kibali kilikuwa ukutani kule.

Sajini akatoa garini kikombe cheupe cha kubebea chai, vile vyepesi kama povu lililogandishwa, akamimina ndani yake mafuta ya kutosha mtu kulewa, kama yangekuwa ya kulewa.

"Afande, usionje," Mzee Masalu akasema. "Hiyo ni ya nje ya mwili."

"Gongo yote ni ya nje ya mwili mpaka inywewe," Sajini akajibu. "Kama siyo gongo, kunywa wewe kwanza."

Mzee akakataa. Hapo ndipo nilipoona kwamba tumekwisha, kwa sababu kukataa kwake kulikuwa ushahidi tosha. Lakini mafuta yale, vijana wangu, hata kijiko kimoja kinaweza kumwangusha mtu akatetemeka kama mwenye kifafa, na mtoto hahitaji hata kijiko. Mzee Masalu alikuwa amechagua gari la polisi kuliko mafuta yale kuingia mdomoni mwa yeyote kati yao wawili. Akasema hatakunywa, na Afande naye hatakunywa, na kama ni lazima kikombe kile akibebe hivyohivyo hadi kituoni.

Sajini akakaa kwenye benchi, akaegesha kikombe juu ya paja, akafungua kalamu kwa meno ili aandike majina yetu. Aliandika la Mzee. Aliandika la Mama Kulwa. Alipofika kwangu, akaniuliza Minza ni wa nani, na kabla sijajibu, kitako cha kikombe kikamtoka.

Hakikuvuja. Kiliyeyuka. Mafuta ya mkaratusi yanakula aina ile ya plastiki kama chumvi inavyoyeyuka kwenye maji. Kikombe kilibaki duara jeupe mkononi, na sehemu yake iliyobaki ikawa uji mzito wenye kunata, umemwagika na mafuta yote juu ya ile suruali iliyonyooshwa pasi. Sajini alilitazama lile duara. Akatutazama sisi kupitia katikati yake.

Halafu ubaridi ukamwingia pajani, na baada ya ubaridi, moto.

Mzee Masalu akasahau kwamba yuko chini ya ulinzi. Akamwamuru Sajini avue suruali. Sajini akasema yeye ni askari wa serikali, havui nguo mbele ya wanawake. Mzee akamwambia basi abaki nayo, lakini asije kuulizia ngozi baadaye. Mama Kulwa akafungua kitenge alichojifunga juu ya gauni, cha rangi ya machungwa chenye picha za kuku, akakinyoosha kama pazia na kugeuza uso. Suruali ilivuliwa kwa shida maana ule uji ulikuwa umeanza kukauka na kuwa gundi, ukashika na benchi. Konstebo Elias alivuta mguu mmoja kwa heshima yote aliyoweza.

"Maji, leteni maji," Sajini akawa anasema.

"Maji baadaye," Mzee Masalu akasema. "Dada, lete mafuta ya alizeti."

Hilo ndilo somo langu la kwanza la kazi, na sijalisahau. Mafuta makali yakimgusa mtu ngozi, maji matupu huyasambaza. Unapaka kwanza mafuta ya kupikia, unafuta kwa kitambaa, ndipo sabuni na maji mengi. Na anayefanya hivyo asijiguse macho.

Moto wa paja ulipopoa, Sajini alikuwa amekaa kwenye gogo, amejifunga kuku wa Mama Kulwa hadi kifuani, akiwa na kofia yake kichwani. Mzee Masalu akanawa mikono, akauliza kwa upole, "Afande, kwenu ni wapi?"

"Kisarawe."

"Mzaramo?"

"Mzaramo."

Mzee akakaa chini, akaanza kucheka bila sauti, mabega yanapanda na kushuka. "Basi umetoka pwani yote ile uje uvuliwe suruali na Msukuma."

Wote mnajua Wasukuma na Wazaramo ni watani. Mtani unaweza kumwita mwizi wa kuku mbele ya mkwe wake, na kuzuia jeneza la baba yake msibani, naye hana ruhusa ya kukasirika. Sajini Pazi aliutafuta uso wa kukasirika, tukamwona anautafuta, akaukosa. Alichoweza kusema ni kwamba Wasukuma wamezoea kuchunga, kwa hiyo hawajui thamani ya nguo. Na kwamba suruali ile ataidai. Konstebo Elias akacheka mara moja kama mtu aliyepaliwa.

Kazi ni kazi hata hivyo. Sajini alichukua mafuta kidogo kwenye chupa ya kioo yakapimwe, akaamuru moto usiwashwe hadi majibu yarudi, akaondoka na kitenge. Majibu yalichukua muda. Siku zote hizo hakukuwa na kazi, na mimi nilikuwa nimefanya nusu siku. Lakini kila baada ya siku chache mke wa Mzee Masalu alituma kikapu cha michembe nyumbani kwetu. Viazi vikavu vile tulivichemsha, tukavila na karanga, na wadogo zangu hawakujua kwamba Dada hana kazi. Nilipokwenda kumshukuru Mzee, nikamwuliza kwa nini alisema moto ni wake. Akasema kwa sababu Afande aliuliza. Nikamwambia nitamlipa. Akasema hana la kudai, lakini kama Mzaramo yule akirudi kuidai suruali, nimsaidie kujificha.

Majibu yalirudi mema. Nikawasha moto tena, na Shija akaenda shule.

Miaka iliyofuata sina la kusimulia kuhusu vyeo, maana mtambo ulikuwa na cheo kimoja na alikuwa nacho Mzee. Nitasimulia watu. Kulikuwa na bibi mmoja wa Sengerema aliyevuka kwa kivuko na mjukuu mgongoni, mtoto anapumua kwa kukoroma, mbavu zinaingia ndani. Alitaka nimtie mtoto tone moja puani. Nikakataa. Mtoto mdogo hapakwi mafuta haya usoni wala puani. Yanaweza kumbana pumzi badala ya kumfungua. Nikamwambia ampeleke hospitali sasa hivi.

"Yaani nimevuka ziwa zima," akasema, "uje uniambie niende hospitali, na hospitali iko nyuma ya nyumba yangu?"

Nilipanda naye gari hadi mjini, tukaenda hospitali iliyokuwa karibu, na njia nzima alinitukana kwa Kisukuma safi. Mtoto alilazwa kwa homa ya mapafu, akapona. Bibi alirudi baadaye na kuku wa kunishukuru, akanitukana tena ndipo akanipa.

Kulikuwa na mfugaji wa Misungwi aliyesikia kwamba harufu hii inafukuza wadudu, akampaka dume lake mgongo mzima bila kuchanganya. Dume lilikwenda ziwani kwa miguu yake, likakataa kutoka hadi jua lilipozama. Na ule msimu ambao kila nyumba ilikuwa na nyungu ya kujifukiza, kuna mume wa mtu pale Mkolani aliyemimina chupa nzima kwenye sufuria, akajifunika blanketi. Aliposhindwa kuvuta pumzi alidhani roho inatoka, akaanza kumwungamia mkewe mambo ambayo mkewe hakuwa ameuliza. Alitoka mzima. Ndoa ndiyo iliyolazwa. Kwa hiyo nawaambia wateja hadi leo: matone mawili matatu, kwenye maji ambayo yameshaepuliwa, macho yamefumbwa. Ya kuchua, matone machache ndani ya kijiko cha mafuta ya alizeti au nazi. Mwenye pumu na mjamzito waanzie kwa daktari. Hayanywewi. Yakae kwenye chupa ya kioo yenye giza, mbali na moto, mbali na mtoto. Na atakayewaambia yanatibu malaria, mwulizeni kwa nini yeye analala kwenye chandarua.

Muda wote huo Afande Pazi alikuwa anakuja. Alikuja akiwa sajini, akaja akiwa amepanda cheo, akaja akiwa amestaafu na kujenga Mkolani. Kila mara aliingia akidai suruali, na kila mara Mzee Masalu alidai kitenge cha Mama Kulwa kwanza. Walibishana hadi chai ikapoa, kisha Afande akachuliwa goti, akaondoka. Shija alipokwenda chuo, tuliomsindikiza stendi tulikuwa mimi, Mzee, na Afande akimweleza kijana kwamba asome sheria ili amsaidie kesi ya suruali.

Mzee Masalu alifariki kiangazi kimoja, taratibu, nyumbani kwake. Makaburini, kabla ya kushusha jeneza, msemaji wa familia alisema kama inavyosemwa, kwamba mwenye deni lolote na marehemu aonane na familia. Kwa kawaida watu hutazama chini, na msemaji huendelea.

"Mimi nadai," ikasikika sauti.

Watu walipisha njia. Afande Pazi alikuja na fimbo, amejifunga juu ya suruali yake kitenge cha machungwa kilichopauka, kuku wake hawaonekani vizuri tena. Akaketi juu ya kifusi cha udongo, miguu ikining'inia kaburini. Akasema Msukuma huyu hashuki hata kidogo mpaka suruali ya serikali itoke. Katekista akafunga kitabu chake, kidole kikiwa ndani, akasubiri. Wajukuu walianza kucheka huku wanalia. Mama Kulwa, mzee sasa, akapaza sauti kutoka nyuma kwamba kitenge ni chake na anakitaka. Lakini machozi yalikuwa yanateremka kwenye uso wa Afande, na hakuyafuta, aliendelea kudai.

Mtoto mkubwa wa Mzee alitaka kuingiza mkono mfukoni, kama desturi, ampe mtani chochote ashuke. Nikamshika mkono. Nikasogea mbele.

"Deni ni langu," nikasema.

Afande akanitazama. "Lako kwa lipi? Nilimkamata yeye. Moto ulikuwa wake."

"Moto ulikuwa wangu, Afande."

Nadhani aliviona tena vidole vyangu vya siku ile. Kisha akauliza nitalipa lini, na mimi nikajibu siku nikistaafu, nikidhani siku hiyo haipo. Akapokea mkono wangu, akanyanyuka, Mzee wetu akashushwa.

Sasa siku hiyo imefika. Wiki baada ya kuwaaga nilinunua kitambaa cha kaki, nikampa fundi, nikainyoosha suruali kwa pasi hadi mstari wake ukakata, nikaipeleka Mkolani. Nilimkuta Afande kibarazani. Nikaamkia, nikamkabidhi kwa mikono miwili.

Aliikunjua. Akaipima kiunoni kwa vidole, akaigeuza, akatafuta dosari kwenye kila mshono kama alivyolizunguka pipa letu. Akainusa.

"Siyo hii," akasema.

Nikamwuliza siyo kwa lipi.

"Ile ilikuwa na kikombe." Akaikunja vizuri, akanirudishia. "Leta yangu, Dada. Na usije mikono mitupu, goti linauma."

Nikatoa chupa, nikachanganya matone kwenye alizeti, nikamchua. Suruali nimerudi nayo. Iko sandukuni kwangu, sanduku lilelile la bati la Shija, nimeweka majani ya mkaratusi katikati ya mikunjo ili nondo wasiiguse. Jumatatu nitaipeleka tena.